Usiku wa Mwezi Mpevu

Wasikilizaji wangu wa Tongoni, ambako ndiko kitovu changu kilikozikwa, hawaniandikii barua. Huningoja nifike. Nilipokwenda mara ya mwisho, mzee mmoja mvuvi alinishika chini ya mwembe akaniambia: "Mwanangu, redioni uliitaja sikukuu ya Wabudha, kisha ukapita mbio kama basi la Pangani. Hao watu husherehekea nini?" Nikamuahidi kulilipa deni hilo hewani, na leo nalilipa.

Sikukuu yao kubwa huitwa Vesak. Huangukia mwezi mpevu, kwa kawaida wa Mei. Mwaka 2025 kule Sri Lanka ilikuwa tarehe 12. Kwa Wabudha wa Sri Lanka, Thailand na Burma siku hiyo moja hukumbusha mambo matatu: kuzaliwa kwa Budha huko Lumbini, katika Nepal ya leo; kupata kwake mwangaza wa moyo chini ya mti huko Bodh Gaya, India; na kufariki kwake Kushinagar, India vilevile. "Yote matatu siku moja?" mzee akauliza. Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyoamini, na sisi tunaosimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alizaliwa na kufariki katika Mfungo Sita huo huo, tusishangae kupita kiasi.

Hapa nchini wapo. Katikati ya jiji la Dar es Salaam lipo hekalu la Wabudha, lililoanzishwa kiasi cha miaka 100 iliyopita na watu waliotoka Ceylon, jina la Sri Lanka hadi mwaka 1972. Uani kwake umesimama mti wa jamii ile ile ya mti alioukalia Budha. Ukiutazama vizuri utaona ni ndugu wa mkuyu wetu.

Siku ya Vesak Mbudha mshika dini huvaa nguo nyeupe na kwenda hekaluni mapema. Huko huchukua ahadi nane za siku hiyo: asiue kiumbe, asiibe, asikaribie tendo la ndoa, asiseme uongo, asiguse ulevi, asile baada ya adhuhuri, aache ngoma, muziki na mapambo, na asilalie kitanda cha fahari. Mbele ya sanamu ya Budha huweka maua, ubani na taa. Maua yale yatanyauka, na hilo lenyewe ni somo wanalokusudia, kwamba na mwili huu utakwenda hivyo hivyo.

Usiku ukiingia ndipo miji ya Sri Lanka inapowaka. Kila nyumba hutundika fanusi za mianzi na karatasi, na njia panda husimamishwa mapango makubwa ya taa za rangi yenye picha za visa vya maisha ya Budha. Mabucha na maduka ya pombe hufungwa kwa amri ya serikali. Sikukuu hiyo ilirudishiwa mapumziko rasmi mwaka 1885, Waingereza wakiwa bado watawala, baada ya Wabudha kudai kwa muda mrefu.

Jambo lililonigusa mimi ni lile wanaloliita dansal. Watu wa mtaa huchanga, hupika wali na mboga au huchemsha chai, kisha hukaa kando ya barabara na kumlisha kila apitaye, bila senti. Hawamuulizi mtu dini yake.

Najua kuna atakayenikumbusha Aluthgama. Ni kweli. Juni mwaka 2014, katika mji huo wa Sri Lanka, nyumba, maduka na misikiti ya Waislamu ilishambuliwa na makundi ya Wabudha wenye siasa kali, na watu walikufa. Mtu aliyefiwa pale hatatulizwa na habari za fanusi. Lakini mimi nilipopewa nafasi ya kuketi na Mbudha mmoja sikuwa na Aluthgama ya kujitetea nayo. Nilikuwa na woga tu.

Miaka ya nyuma nilipanga chumba Dar es Salaam, jirani yangu akiwa fundi kutoka Sri Lanka. Baba yangu alipofariki, bwana yule alipanda basi hadi Tanga, akatafuta gari jingine la kilomita zipatazo 17 kuja Tongoni, akasimama nasi makaburini. Baada ya maziko nilimwonyesha magofu: msikiti wa kale na makaburi yake kama 40, nguzo nyingi zikiwa zimekwisha kuanguka. Alivua viatu bila kuambiwa.

Mei iliyofuata akanialika kula siku ya Vesak. Nikaogopa kwamba ni chakula cha sanamu, nikamwambia nina safari. Sikuwa na safari. Baadaye nikaja kuelewa kwamba alikuwa amepika sadaka kwa ajili ya majirani. Mwaka uliofuata mkataba wake ukaisha akarudi kwao, wala sikuwa nimechukua anwani.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, sindano ya nyavu mkononi. Akasema kwamba mwezi ukiwa mpevu wao hawaendi na taa kutafuta dagaa, kwa kuwa bahari yote ni nyeupe na samaki hawafuati taa. "Kumbe usiku tunaolala sisi ndio wanaokesha wao." Kisha akauliza kama hekaluni bado wapo watu wa kwao yule bwana. Nikasema wapo.

"Basi Mei ikifika nenda kwao. Wewe ndiye unayedaiwa."

Akataka kunifungia samaki wakavu wa kuwapelekea. Nikamwambia wengi wao wanakula samaki, ila kwa siku hiyo afadhali nibebe maua.