Tuwe Makini Tunapochagua Vitabu vya Kujifunzia Imani

Wapo walimu na wanafunzi wengi Wakatoliki ambao hawaridhiki na mafundisho machache waliyoyapata walipoandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Wangependa kujisomea nyumbani ili waielewe imani yao kwa kina. Hiyo ni nia njema, lakini nia pekee haitoshi. Maandishi ya dini yametapakaa kila mahali, na asiyejua kuchagua huishia kupokea lolote limfikialo.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanatheolojia. Hata hivyo, imani hufundishwa kwa maneno, na neno likipotoka, fundisho nalo hupotoka. Mathalani, mwanafunzi wa bweni huulizwa na wenzake kwa nini Wakatoliki huabudu watakatifu. Kanisa hutenga kuabudu kuwa haki ya Mungu peke yake. Watakatifu huheshimiwa na kuombwa watuombee. Kijitabu kinachochanganya vitenzi hivyo viwili humwacha kijana huyo bila jibu, naye ama hukasirika ama huiacha imani asiyoweza kuieleza.

Aidha, tusidhani kwamba kitabu cha Kiingereza ni bora kwa kuwa ni cha Kiingereza. Chukua fundisho lililotangazwa na Papa Pius wa Tisa mwaka wa 1854 kumhusu Bikira Maria. Istilahi ya Kiingereza hutaja kutungwa mimba kusiko na doa, na wasomaji wengi hudhani kinachozungumziwa ni jinsi Yesu alivyotungwa mimba. Kiswahili husema waziwazi: Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Anayesoma maneno hayo hana haja ya kubahatisha ni nani aliyekingiwa, wala alikingiwa nini.

Je, msomaji atatambuaje kitabu cha kuaminika? Kwanza, afungue kurasa za mwanzo. Vitabu vingi vya mafundisho ya Kikatoliki huwa na maneno mawili ya Kilatini: nihil obstat, yaani hakuna kizuizi, na imprimatur, yaani na kipigwe chapa. La pili hutolewa na askofu, au kwa niaba yake. Maana yake si kwamba askofu anakubaliana na kila rai ya mwandishi, bali kwamba kitabu hakikuonekana kuwa na kosa la imani wala la maadili.

Pili, atazame mwaka wa toleo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilitolewa mwaka wa 1992, na toleo rasmi la Kilatini likafuata mwaka wa 1997 likiwa na marekebisho. Mnamo 2018 Papa Fransisko aliibadilisha aya ya 2267, nayo sasa hufundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Mwalimu anayetegemea nakala ya zamani atawafundisha wanafunzi wake maneno ambayo Kanisa lenyewe limekwisha kuyarekebisha.

Tatu, azingatie kiwango chake. Katekisimu hiyo ina aya 2,865, nayo imegawanywa katika sehemu nne: imani inayoungamwa, sakramenti, maisha ya kimaadili na sala. Si kitabu cha kusomwa kwa pupa. Anayeanza aweza kushika Muhtasari wake uliotolewa mwaka wa 2005, wenye maswali 598 na majibu yake. Vijana nao waliandaliwa Youcat mwaka wa 2011, iliyoandikwa kwa mtindo uo huo wa maswali na majibu. Vyote hivyo visomwe sambamba na Biblia yenye vitabu 73, kwa maana matoleo ya vitabu 66 hayana Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku wala vitabu viwili vya Wamakabayo. Msomaji atakayeelekezwa huko na Katekisimu atapekua bure.

Vitabu vya mabishano na madhehebu mengine naviweka mwisho kabisa. Anayeanza navyo hujifunza kumshinda jirani yake kabla ya kujua yeye mwenyewe anaamini nini. Elimu ya namna hiyo huzaa kelele shuleni, haizai ufahamu.

Hatimaye, kujisomea nyumbani kusiwe kujifungia. Msomaji awe na daftari, aandike kila neno linalomtatiza, kisha ampelekee katekista au padre wa parokia yake. Walimu wanaosimamia vyama vya wanafunzi Wakatoliki wangefanya vyema kuwakusanya wachache mara moja kwa juma, wakasoma aya kadhaa tu na kuulizana maana. Kuuliza si ujinga, wala si upungufu wa imani. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, nasi walimu tunajua kuwa mwanafunzi asiyeuliza ndiye wa kuhofiwa zaidi.