Bia ya Ngano Ikifika Lodwar Ikikaa Kama Maji ya Turkwel, Usiimwage

Tuseme beshte yako ametoka Nairobi na chupa ya bia ya ngano, ile ya kiwanda kidogo. Mmekutana base Lodwar saa kumi na mbili jioni na joto bado limekataa kushuka. Anafungua, anamimina, na kitu inatoka imechafuka kama Turkwel siku ya mafuriko. Chini ya chupa kuna matope meupe. Wasee wanaangaliana, mmoja anasema hiyo ni feki. Tulia kwanza. Hapo mezani, hiyo pekee ndiyo inafaa kukaa hivyo.

Bia nyingi za viwanda vikubwa huchujwa na kupashwa moto, hamira yote inaisha, ndio zikae duka miezi bila shida. Hii haijapitia hayo. Mwenye kuitengeneza anaacha hamira kwa chupa na sukari kidogo, anafunga kifuniko, na hamira inaendelea kula ikiwa ndani. Gesi inayotoka haina njia, inabaki kwa bia. Yaani umeshika kitu hai, na yale matope ni hamira imeshiba ikalala.

Kama umekulia mitaa ya huku, hiyo si story mpya. Busaa ni hivyo hivyo: unga unachachishwa, unakaangwa, unachanganywa na kimea, na unakunywa ikiwa bado inachacha. Hakuna mtu ameshawahi kurudisha busaa ati haioni mwanga. Na nafaka yenyewe si ya wageni, kwa sababu kando ya Kerio na Turkwel Waturkana wamepanda mtama tangu enzi za mababu, mto ukishalowesha shamba.

Sasa kuonja. Glasi iwe ndefu, uisuuze na maji baridi, uishike ikiwa imelala kidogo. Mimina polepole hadi chupa ibaki na kama robo. Hapo unachagua. Ukitaka ladha nyepesi, acha matope chini. Umeona vile Mhabeshi pale Kakuma One huacha jebena itulie kabla ya kumimina buna? Ni akili hiyo hiyo. Ukitaka ladha yote, zungusha chupa taratibu, hamira iamke, kisha umalizie juu ya povu. Mimi humalizia.

Usikimbilie kunywa. Nusa kwanza. Bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani inanuka ndizi mbivu, halafu karafuu nyuma yake. Hakuna ndizi iliwekwa, wala karafuu. Ni hamira ya aina fulani inatoa hizo harufu ikifanya kazi, na ngano inachangia ule ulaini wa mdomoni na povu zito linalokataa kuisha. Uchungu ni kidogo sana, ndio maana mtu wa lager anaweza kudhani anakunywa juisi. Si juisi. Nyingi ziko karibu asilimia 5, sawa tu na bia ya kawaida.

Ikinuka siki, au kadibodi iliyonyeshewa, hiyo imeharibika. Na huku kwetu sababu kawaida ni moja: joto. Mchana Lodwar inagonga digrii 35 bila aibu. Hamira kwa joto inachangamka, na kama sukari ilibaki nyingi, presha inapanda hadi chupa inatapika ukifungua, ama inapasuka. Kwa hivyo ukiibeba kutoka Kitale, hizo kilomita karibu 300, usiiweke buti ya matatu. Ikifika isimamishe kwa friji usiku mzima, usiilaze, matope yatulie.

Lakini feki zipo, na hapo ndipo macho hudanganya watu. Mei 2014 Wakenya zaidi ya 60 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanol, wengine wakapofuka. Methanol haina rangi. Mzinga unaong'aa kama maji ya chupa unaweza kukumaliza, na ile bia uliyoitukana kwa kuchafuka ikawa haina neno. Angalia mahali pengine: stempu ya KRA (iskani na app yao ya Soma Label), alama ya KEBS, jina la kiwanda na tarehe ya kuisha. Chupa haina hayo na bei imekuwa tamu ghafla? Wachana nayo, hata kama anayeuza ni cuzo.

Kama hujafika 18, umesoma tu, imeisha hapo. Wengine, chupa ya nusu lita inatosha wawili kuonja. Ya kwanza mimina bila matope, ya pili na matope, mbadilishane glasi. Mtabishana kuhusu ile ndizi, maana kuna mtu huwa haisikii kabisa.