Pima Usiku Wako Kabla ya Kununua Betri ya Sola

Mtu akiamua kufunga sola nyumbani, swali lake la kwanza dukani huwa ni "paneli ngapi?" La pili ni bei. Muuzaji humjibu kwa kifurushi kilichokwisha pangwa: paneli nne, inveta ya kVA 3, betri mbili, fundi juu yetu. Kwa miezi michache kila mtu nyumbani anafurahi. Mwaka wa pili inveta inaanza kulia saa nne za usiku, friji inazimika kabla ya alfajiri, na lawama zinaliangukia jua, mvua au "vitu feki". Mara nyingi kosa liko kwingine. Mfumo ulipangwa bila mtu yeyote kujua nyumba ile inatumia umeme kiasi gani kati ya magharibi na mapambazuko.

Mchana jua lipo na paneli zinafanya kazi. Betri inabeba usiku, nayo kwa kawaida ndiyo sehemu ya gharama kubwa na ndiyo inayotangulia kufa. Kwa hiyo hesabu ya mfumo mzima inaanzia usiku. Ukiijua hiyo, ukubwa wa betri unajulikana. Betri ikijulikana, paneli zinajulikana. Na inveta inafuata.

Mita yako inakutosha

Kwa nyumba yenye umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kipimo kiko ukutani. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Saa 12 jioni andika uniti zilizobaki. Saa 12 asubuhi andika tena, utoe. Fanya hivyo kwa wiki nzima, na ikiwezekana iwe wiki ya joto, kwa sababu usiku wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, feni zikizunguka hadi asubuhi, si sawa na usiku wa Julai.

Asiye na mita anaweza kuhesabu kwa wati za kila kifaa. Chukua nyumba ya familia ya kawaida mjini. Taa sita za LED za wati 9 kwa saa tano: wati-saa 270. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne: 200, na king'amuzi chake 60. Feni mbili za wati 50 kwa saa nane: 800. Ruta ya intaneti usiku kucha: 120. Friji ndogo, ambayo kompresa yake huwaka na kuzima: kama 500. Simu za watu wote: 50. Jumla ni wati-saa 2,000, uniti mbili kamili.

Feni zimekula karibu nusu ya usiku huo. Feni za kisasa zenye mota ya sumaku isiyo na brashi hutumia wati 30 hivi kwa upepo uleule. Kubadilisha feni mbili kunapunguza zaidi ya wati-saa 300 kila usiku, na mara nyingi ni rahisi kuliko kununua betri kubwa zaidi ya kuzibeba zile za zamani.

Mlaji asiyeonekana

Kuna kifaa kimoja ambacho orodha nyingi hukisahau, nacho ni inveta yenyewe. Inveta nyingi za kVA 3 hadi 5 hula wati 30 hadi 60 kwa kuwashwa tu, hata kama hakuna taa inayowaka. Ikiwa ni wati 40, kwa saa 12 za usiku ni wati-saa 480, karibu sawa na friji. Juu ya hapo, asilimia kumi hivi hupotea katika kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Uniti mbili za nyumba yetu sasa zimekuwa wati-saa 2,700 zinazotoka kwenye betri. Muulize muuzaji inveta inakula wati ngapi ikiwa haina mzigo. Namba hiyo imo kwenye kitabu chake, na inveta kubwa kupita mahitaji inakutoza kila saa, mwaka mzima.

Namba ya kwenye betri na umeme unaoupata

Sasa twende kwenye betri ya risasi, ya maji au ya jeli, iliyoandikwa volti 12, ampea-saa 200. Zidisha, utapata wati-saa 2,400. Lakini betri ya risasi haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha kulala bila chaji, sahani zake hushika salfeti ngumu na uwezo wake hupungua wiki hadi wiki. Kwa hiyo fungu lako ni wati-saa 1,200, na ukitoa zinazopotea kwenye inveta, zinabaki kama 1,080. Dude hilo la kilo sitini linakupa uniti moja ya LUKU kwa usiku. Kwa nyumba yetu, betri mbili zingevushwa kikomo chao kila usiku, bila akiba ya siku ya mawingu. Zinahitajika nne.

Betri ya lithiamu inayofaa nyumbani ni ile ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Hiyo hustahimili joto vizuri kuliko lithiamu za aina nyingine, na kemia yake haiwaki moto kwa urahisi. Ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina seli 16 za volti 3.2, na hubeba wati-saa 5,120. Ukitumia asilimia 80 unapata karibu 4,100. Moja tu inaupitisha usiku wetu wa 2,700 na kubakiza akiba. Betri ya risasi ikishushwa hadi nusu kila siku hudumu kwa mizunguko mia kadhaa, pengine elfu moja ikitunzwa vizuri. Lithiamu hii huhesabu maelfu. Bei yake ya kwanza inatisha, lakini igawe kwa idadi ya usiku utakaoitumia, kisha ulinganishe.

Joto nalo lina neno. Muda wa maisha ya betri ya risasi hupimwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka, muda huo hupungua karibu nusu. Stoo ya bati kule Tanga au Lindi inaweza kuikatia betri miaka yake kabla haijafanya kazi yoyote ngumu. Iweke chumba chenye kivuli na hewa, mbali na jiko. Za risasi, hasa za maji, hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka ikikutana na moto.

Nenda dukani na mizani na futi

Wajanja wa kubandika namba wako wengi, lakini uzito na eneo havibandikiki. Betri halisi ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 huwa na kilo 55 hadi 65. Ukiinyanyua peke yako kwa mkono mmoja, ile "200" ni rangi tu. Paneli nzuri za leo hutoa kama wati 200 au kidogo zaidi kwa kila mita ya mraba. Ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.3 na upana wa mita 1.1. Paneli ya mita moja ya mraba iliyoandikwa wati 400 inakudanganya, hata kama kibandiko kinang'aa. Mwenye duka mwaminifu hatachukia ukipima.

Kwa nyumba yetu, ukijumlisha matumizi ya mchana ya wati-saa 1,500 hivi, siku nzima inahitaji 4,200. Katika miezi ya mawingu pwani, hesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku, kisha ukubali kwamba robo itapotea kwa joto, vumbi na nyaya. Unafika kwenye wati 1,250 hivi, kwa hiyo paneli tatu za 550 zinatosha na ziada kidogo. Tanzania iko kusini mwa ikweta, basi zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi kama 10, ili mvua iweze kuziosha. Acha nafasi ya kiganja au zaidi kati ya paneli na bati. Paneli ikipata moto hupoteza karibu asilimia tatu hadi nne kwa kila nyuzi 10, na bati la saa saba mchana halina huruma.

Inveta: vifaa gani vitawaka pamoja?

Betri huchaguliwa kwa saa, inveta kwa wati zinazohitajika kwa wakati mmoja. Kompresa ya friji na mota ya pampu huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida katika sekunde ya kuanza. Inveta isiyohimili mruko huo itazima hata kama betri imejaa. Soma wati, usiridhike na kVA, maana kVA 3 katika inveta nyingi ni wati 2,400. Tena iwe ya wimbi kamili, ile inayoitwa pyua saini madukani. Zile za wimbi la ngazi ni rahisi, lakini mota huunguruma na kupata joto zikilishwa umeme huo.

Kuna aina inayowaumiza wengi kwa kutoelezwa: inveta ya kuungana na gridi bila betri. Gridi ikizimika, hiyo nayo inazima kwa makusudi, isije ikapeleka umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika la umeme anazishika akiamini hazina kitu. Siku kama zile ambazo gridi nzima ilianguka, Kenya tarehe 25 Agosti 2023 na Tanzania tarehe 1 Aprili 2024, nyumba yenye mfumo huo inaweza kuwa na jua kali juu ya bati na isiwe na taa moja ndani. Ukitaka umeme wakati wa kukatika, nunua inveta ya haibridi, yaani inayotumia gridi na betri pia, au mfumo unaojitegemea kabisa. Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, kamwe usikubali fundi achomeke inveta kwenye soketi ili ilishe nyumba. Lazima kuwe na swichi ya chenjiova au njia ya ndani ya haibridi inayokata gridi kwanza.

Nyaya nazo zinataka hesabu. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 83, kutoka volti 48 ni 21. Ampea nyingi kwenye waya mwembamba ni moto unaosubiri. Mfumo wa zaidi ya wati 2,000 uwe wa volti 48, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na breka za upande wa paneli ziwe za umeme wa DC. Breka ya kawaida ya nyumbani inaweza kushindwa kuzima cheche ya DC, ikaungua badala ya kukata. Tafuta fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na akuachie mchoro wa mfumo ukiwa umesainiwa.

Kuishi nao

Tabia za nyumbani ndizo zitakazoamua betri itadumu miaka mingapi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa usiku imekula wati-saa 500, sawa na friji hadi asubuhi. Ikitumika saa sita mchana, inakula jua ambalo pengine lingepotea kwa sababu betri imekwisha kujaa. Kunyoosha nguo, kufua kwa mashine na kupandisha maji kwenye tangi kufanyike kati ya saa nne na saa tisa. Hita ya kuogea ya wati 5,000 ibaki kwenye gridi.

Siku ya kwanza, simama na fundi mbele ya kioo cha inveta mhakikishe aina ya betri iliyochaguliwa ndiyo iliyofungwa. Betri ya lithiamu ikichajiwa kwa mpangilio wa betri ya maji, hasa kwa ule mchajio mkali wa kusawazisha, ulinzi wake wa ndani utakuwa unaikata kila mara. Kama ni haibridi, iambie irudi kwenye gridi betri inapofika asilimia 20 kwa lithiamu, au 50 kwa risasi. Betri ya risasi ya volti 12 unaweza kuisoma kwa voltimita ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Lithiamu usiisome hivyo, kwa sababu volti zake hazibadiliki sana hadi karibu na mwisho. Fuata asilimia inayotoka kwenye betri yenyewe.

Kila mwezi, betri za maji ziongezwe maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa, kamwe si ya bomba wala asidi. Pwani, chumvi ya hewani hula vichwa vya betri. Visafishe, uvikaze, uvipake grisi. Kiangazi, osha paneli asubuhi kabla hazijapata moto, kwa maji na kitambaa laini.

Betri ya risasi ikifa, usimwachie mtu aipasue uani ili achukue risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilileta sumu ya risasi hadi kwenye damu ya watoto wa mtaa. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.  Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: betri hii ikichakaa, utaipokea, na utaipeleka wapi? Asiye na jibu, tafuta duka lenye jibu.