Mwana Hiti na Waraka wa Petro

Njia itokayo Morogoro mjini kupitia Kiroka kwenda Matombo na Kisaki hupita Mkuyuni, chini ya miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo mvua haina choyo na ardhi hutoa ndizi, mananasi, mafenesi, karafuu na mdalasini. Kazi ya kuyateremsha mazao hayo kutoka vilimani hata sokoni aghalabu ni ya wanawake, na mzigo wao huwa kichwani. Basi mhubiri asimamapo Jumapili mbele ya wanawake hawa akawaambia kuwa uzuri wa kweli ni wa ndani, yatupasa tuulize ananuia nini, kwa sababu usemi huo umetumiwa mara nyingi kwa makusudi mawili yaliyo mbali na Maandiko: ama kumfariji yule ambaye watu husema hakujaaliwa sura, kana kwamba moyo mwema ni fidia ya pua mbaya, ama kumnyamazisha yule aliyejaaliwa sauti.

Andiko litegemewalo ni sura ya 3 ya Waraka wa Kwanza wa Petro, ambamo mtume anawaelekeza wanawake kwamba pambo lao lisiwe la nje, la nywele, dhahabu na mavazi, bali liwe lile la moyoni ambalo halichakai. Wako wahubiri walioligeuza andiko hilo kuwa sheria dhidi ya msuko na hereni. Lakini mambo yaliyotajwa ni matatu, na kama la kwanza na la pili ni haramu, basi na la tatu, yaani mavazi, lingekuwa haramu kwa hoja ileile, na sijapata kusikia mhubiri aliyethubutu kuifikisha hoja yake huko. Mtume hapigi marufuku. Anapima, na anauliza thamani ya mtu imewekwa wapi.

Tena tusisahau zama zenyewe. Katika dola ya Rumi, mabibi wenye ukwasi walijengewa nywele safu juu ya safu, zikachanganywa na nywele za bandia na kubanwa kwa pini za pembe na za dhahabu, na mwenye kuitenda kazi hiyo alikuwa mjakazi, ambaye aliweza kupigwa kwa kosa la kishungi kimoja. Waraka uliandikiwa makanisa ya Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na katika sura ya 2, kabla ya kusema na wake za watu, unasema na watumwa wa nyumbani. Huenda basi siku uliposomwa, bibi mwenye kichwa kile na mjakazi aliyekijenga waliketi chini ya dari moja wakausikia kwa pamoja. Msuko wa Mkuyuni ni jambo jingine kabisa: jirani humsuka jirani kivulini, habari za kijiji zikipita juu ya kichwa, na kesho msukaji husukwa. Kulilaani shirika hilo kwa maneno yaliyosemwa juu ya fahari ya mabibi wa Kirumi ni kukosa insafu. Ama upole, ambao sura hiyo inawataka wanawake wawe nao, aya chache mbele inawataka waumini wote wawe nao wanapoulizwa habari za imani yao, na katika Injili ya Matayo sura ya 11 Kristo anajisifia sifa hiyohiyo; nao upole wa Kristo haukumzuia kuzipindua meza hekaluni.

Sasa niingie katika elimu ya milima yenyewe, ambayo kanisa liliikuta hapa. Waluguru, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wakwere na Wadoe, walikuwa na ada ya kumtawisha binti avunjapo ungo, akakaa ndani miezi, na zamani hata miaka, akifundwa na kungwi. Katika utawa huo mwali alikabidhiwa kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, akipake mafuta na kukitunza nywele kama mwanawe. Marja-Liisa Swantz wa Ufini, aliyeishi na Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ibada zao mwaka 1970, ni miongoni mwa walioieleza elimu hiyo kwa heshima iliyostahili. Kwa umbo, mwana hiti ni kigogo cha mviringo kisicho mikono wala miguu. Kina matiti na kitovu, na kichwani nywele zimechongwa kwa ustadi, mara nyingi katika vishungi viwili. Lakini uso haukuchongwa, au umeguswa kidogo tu.

Nionavyo mimi, wazee waliokichonga walikuwa na hekima ambayo zama zetu za simu na picha zimeipoteza, kwani binti alifundishwa kuutunza mwili kabla ya kufundishwa kuutazama uso. Hata hivyo, tusiitukuze ada kupita kiasi chake. Kisanamu kile kilisifu uzazi, na mwanamke ambaye tumbo lake halikujibu alibaki na huzuni isiyo na dawa katika elimu ile. Hapo ndipo Injili ina neno la kuongeza. Katika Luka sura ya 11 mwanamke mmoja katika umati anapaza sauti kulibariki tumbo lililomzaa Yesu na matiti yaliyomnyonyesha, sifa ambayo kungwi yeyote wa Uluguru angeifahamu mara moja. Naye Yesu anaihamisha baraka ile na kuwapa wale walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hamdhalilishi mama yake kwa jibu hilo, maana yeye ndiye aliyetangulia kulisikia. Anamtoa kila mwanamke katika hukumu mbili kwa mara moja, hukumu ya sura na hukumu ya tumbo.

Liko na jambo la rangi ya ngozi, ambalo halipendezi kulisema. Mwali aliyekaa ndani muda mrefu alitoka akiwa amenawiri na kung'aa weupe kwa kukosa jua, na weupe huo ulisifiwa. Kwa hiyo si kweli kwamba tamaa ya weupe yote ililetwa na Mzungu. Lakini weupe wa mwali uliondoka kwa msimu mmoja wa jembe. Weupe wa mkorogo wa leo, yaani wa krimu za kuchubua ngozi, hauondoki hivyo. Hidrokwinoni huizuia ngozi isitengeneze melanini, rangi iliyo kinga yake dhidi ya jua; zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo; na dawa za steroidi huikondesha ngozi hata ikachanika kwa jambo dogo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliiwekea zebaki ya vipodozi kikomo, na serikali yetu imevipiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizi, ambavyo hata hivyo huuzwa. Msichana wa Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, alichomwa na jua kwa sababu kaka zake walimpa kulinda mashamba ya mizabibu. Anawaambia mabinti wa Yerusalemu kuwa yeye ni mweusi na ni mzuri, haombi radhi, wala mpenzi wake hamtaki abadilike.

Tena uzuri wa ndani hauelei hewani. Mwanamke wa Mithali sura ya 31, ambaye kwetu husifiwa siku za harusi kwa kuamka mapema, analikagua shamba, analinunua, na kulipanda kwa mapato ya mikono yake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo, basi mwanamke wa Mkuyuni amesimama juu ya ardhi ya bibi zake. Mhubiri amsifiaye kwa utulivu wa roho huku akinyamaza mjomba anapoliuza shamba lake kwa siri amesoma nusu ya sura.

Kuiunganisha elimu ya kungwi na ya kanisa kumewahi kujaribiwa. Askofu Mwanglikana Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alijaribu kuyatia unyago na jando ndani ya kanisa badala ya kuyafukuza. Jando lilikuwa rahisi kwake kuliko elimu ya wasichana, ambayo mwanamume haingii. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ya wanawake wenyewe. Kina mama wa parokia, ambao kwa upande wa Wakatoliki wana chama chao, WAWATA, tangu 1972, wanaweza kukaa na makungwi, Wakristo na Waislamu, maana binti za Mkuyuni wamechanganyika, wakaamua kipi kifundishwe: nywele, damu ya mwezi, mkorogo, hati ya shamba, na sura ya 11 ya Luka. Padre aombwe ukumbi na viti.