Viumbe wa Bahari (3): Kambakoche Mchanga na Joto la Maji

Wiki iliyopita tulimwacha mama kambakoche wa Marekani na mayai yake, aliyoyabeba chini ya mkia kwa miezi tisa na zaidi. Leo tuwafuate watoto. Msomaji wa Pwani akumbuke kwamba huyu wa Ghuba ya Maine, Homarus americanus, ana magando mawili mazito ambayo kambakoche wetu hana, na malezi yao ni mbalimbali.

Mayai huanguliwa majira ya joto. Viluwiluwi hupanda juu, wakachukuliwa na mkondo. Hujivua gamba mara tatu, na baada ya hapo ndipo hupata umbo la kambakoche. Kwenye maji ya nyuzi 20 za Selsiasi safari hiyo huchukua kama wiki mbili. Kwenye nyuzi 10, miezi miwili hivi, na muda wote huo samaki wanawawinda.

Sasa mchanga huyu huzamia kutafuta makao: mawe yaliyolundikana, yenye mianya ya kujibanza. Hazamii ovyo. Akikuta maji ya chini hayafiki nyuzi 12, mara nyingi hugeuka akarudi juu, hata mawe yawe mazuri namna gani. Nyuzi 12 ndizo kizingiti cha mlango wake.

Hapo ndipo bahari ya Maine inaposhangaza. Upande wa magharibi, maji ya vuguvugu hutanda juu na ya baridi hukaa chini, hayachanganyiki sana, hivyo makao hubaki karibu na ufuko. Mashariki, kuelekea Ghuba ya Fundy, maji kujaa na kupwa kwa nguvu hukoroga bahari nzima. Zamani mkorogo huo ulifanya kila mahali pawe baridi. Bahari ilipopata joto, mkorogo uleule ukalishusha hadi sakafuni, na maeneo mapana yaliyokuwa yamefungwa yakafunguka. Mwaka 2016 wavuvi wa Maine walivua takribani tani 60,000.

Anayesema joto ni neema kwa kambakoche atazame kusini, Rhode Island. Huko ghuba za kina kifupi huvuka nyuzi 20 wakati wa kiangazi, kiwango kinachomdhoofisha mnyama huyu. Ugonjwa wa gamba umeenea, na watoto wanaotua wamepungua sana.

Tangu 1989 wapiga mbizi huhesabu wachanga hao kila mwaka kwa kufyonza sakafu ya mawe kwa bomba. Kwa kuwa kambakoche huchukua miaka mitano hadi minane kufikia ukubwa wa kuvuliwa, hesabu hiyo hutangulia soko. Katika muongo uliofuata 2010 ilishuka sehemu nyingi za Maine, ingawa mama wenye mayai walikuwa wengi na sakafu haikukosa joto. Watafiti wanahusisha upungufu huo na Calanus finmarchicus, kiumbe wa milimita chache apendaye maji baridi, anayedhaniwa kuwa chakula cha viluwiluwi. Huyo ndiye wa wiki ijayo.