KINDERGARTEN NI BUSTANI YA NINI?

Kila asubuhi nikija shuleni mimi hupita kibao kilichoandikwa "Kindergarden". Rafiki yangu mmoja alinishikilia eti hiyo ni "bustani yenye wema zaidi", kwa kuwa neno kinder kwa Kiingereza ni "mwema zaidi". Nami nikaitikia.

Kumbe sote tulipotea! Neno hili ni la Kijerumani, na aliyechora kibao alikosea herufi moja: ni T wala si D. Kind ni mtoto, Kinder ni watoto, Garten ni bustani. Wajerumani huyaunganisha maneno, na lile kuu huja mwisho. Sisi ni kinyume: katika "batamzinga", bata hutangulia.

Aliyelibuni ni mwalimu Friedrich Fröbel, mwaka wa 1840. Alikuwa amefungua mahali pa kulea watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka wa 1837, lakini jina la kumridhisha hakuwa nalo. Kwake yeye mtoto ni kama mche, na mche hauvutwi ili urefuke. Mwalimu basi ni mtunza bustani. Watoto wake walicheza na mipira na vipande vya mbao, wakaimba, na kutunza mimea yao wenyewe.

Mwaka wa 1851 serikali ya Prusia ilizipiga marufuku bustani hizo, ikidai zinawafunza watoto kumkana Mungu. Fröbel alifariki mwaka wa 1852. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860. Hata hivyo neno halikufa. Waingereza na Wamarekani walilichukua zima zima bila kulitafsiri. Hata nasari yetu, kwa Kiingereza, ni kitalu cha miche pia!

Kwa nini nasema haya? Mwaka jana mdogo wangu, mwenye miaka mitano, alirudi kutoka penye kibao kile na alama za fimbo mkononi. Kosa lake? Aliandika 3 ikiangalia nyuma. Nilipojua maana ya neno hili nilimweleza mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kesho nitaenda kumwuliza mwalimu kama sukuma wiki yake huota kwa kuchapwa."

Alienda kweli. Tangu siku hiyo mdogo wangu hajachapwa, na 3 yake sasa inaangalia mbele. Kibao tu ndicho bado kina D.

Wenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.