Miji na Makabila Baharini: Majina katika Biashara ya Meli za Abiria

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji wa Lubumbashi, yaani namna makampuni ya meli za abiria yanavyojinadi kwa wateja wa nchi mbalimbali na namna yanavyozigawa meli zao baharini. Naviundu haina bandari. Maji ya mto wake huingia katika bonde la Kongo na hatimaye hupita Matadi, lakini mkazi wa hapa anaweza kuishi miaka sabini asiione bahari. Hata hivyo, mji huu uliwahi kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye omo za meli tatu zilizofuatana, na Antwerp palikuwa na watu waliolijua jina la Elisabethville kama jina la meli kabla ya kulijua kama jina la mji. Tukilichunguza jambo hilo tutaona kwamba jina ni sehemu ya bidhaa, tena sehemu ambayo mwenye jina hakulipwa hata senti.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tuseme neno juu ya istilahi. Kiswahili Sanifu husema meli, na wataalamu wengi wa etimolojia hulirudisha neno hilo kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Huku kwetu aghalabu husikika masuwa, kama katika Kilingala. Asili ya neno meli ina fundisho lake: chombo kilipewa jina la mzigo uliokilipia gharama. Meli za abiria za mwanzo hazikuishi kwa nauli peke yake. Ziliishi kwa mikataba ya serikali ya kubeba barua na maofisa, na mikataba hiyo ndiyo iliyoamua meli ipite wapi na itie nanga mara ngapi kwa mwezi. Hizo tutaziita meli za ratiba. Zile zinazomchukua abiria kwa ajili ya matembezi tu, na kumrudisha alikotoka, tutaziita meli za kitalii.

Kampuni iliyoihusu Kongo ilianzishwa Antwerp mwaka 1895 kwa jina la Compagnie Belge Maritime du Congo. Mwaka 1930 iliungana na Lloyd Royal Belge, ikawa Compagnie Maritime Belge. Tangu mwanzo iliamua kuzipa meli zake za abiria majina ya miji ya koloni: Léopoldville, Albertville, Stanleyville, Thysville. Mtu angeweza kudhani kwamba ni desturi tu ya kuwaheshimu wafalme na wakuu. Lakini katika orodha hiyohiyo zimo Anversville na Bruxellesville. Hakuna Mbelgiji aitaye Antwerp kwa jina la Anversville, wala Brussels kwa jina la Bruxellesville. Miji hiyo haikuwa na haja ya kiambishi tamati hicho. Ni dhahiri basi kwamba -ville ilikwisha kuacha kazi yake ya kisarufi na kuwa alama ya kampuni. Abiria aliyeiona bandarini alijua mara moja meli ni ya nani na inakwenda wapi. Hivyo ndivyo wafanyabiashara wafanyavyo leo kwa rangi za bomba la moshi na michoro ya ubavuni.

Elisabethville ya kwanza iliundwa katika karakana ya Cockerill huko Hoboken mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika hapa na mji ukaanza kujengwa. Meli na mji ni kama mapacha. Pacha wa baharini hakuishi sana: tarehe 6 Septemba 1917 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha karibu na kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, ikiwa na shehena ya pembe za ndovu. Wazamiaji wa Kiitalia wa meli Artiglio waliifikia mwaka 1928. Walikuwa wakitafuta almasi zilizosemekana kuwamo. Walichopandisha juu ni pembe. Elisabethville ya pili iliundwa mwaka 1921, ikauzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kubadilishwa jina zaidi ya mara moja. Ya tatu ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo tutairudia.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa. Meli Elisabethville haikuweza kumfikisha abiria Elisabethville. Ilimshusha Matadi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na kabla ya reli ya BCK kufika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, msafiri aliyetoka huko alihangaika kwa treni, kwa mashua za mtoni na tena kwa treni. Aliyetaka kusafiri kwa reli tupu kutoka pwani alipanda meli ya Waingereza hadi Cape Town. Kwa maneno mengine, kwa miaka mingi ilikuwa rahisi zaidi kufika Elisabethville kwa meli yoyote isiyoitwa Elisabethville. Mambo yalibadilika mwaka 1931 reli ya Benguela, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,300 ndani ya Angola, ilipounganishwa na ya Katanga, na Lobito ikawa mlango wetu wa magharibi. Baada ya hapo meli za -ville zilitia nanga Lobito pia. Jina halikuwa ramani. Lilikuwa tangazo.

Nani alitangaziwa? Si Mkongo. Safari ya Mkongo kwenda Ubelgiji ilihitaji ruhusa iliyotolewa kwa uchache mno hadi miaka ya 1950. Mkongo alikuwamo melini, naam, lakini kama baharia. Msomaji atakumbuka kwamba Léopoldville iliyoundwa mwaka 1929 ilitumiwa na majeshi ya washirika wakati wa vita, na kwamba usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1944 ilipigwa kombora na nyambizi karibu na Cherbourg ikiwa imebeba wanajeshi Wamarekani zaidi ya 2,000. Walikufa zaidi ya 750. Miongoni mwa mabaharia wa meli hiyo walikuwamo Wakongo. Vitabu vingi juu ya mkasa huo huwataja kwa idadi tu, pengine kwa sentensi moja.

Tugeukie sasa pwani ya mashariki, ambako mwanafunzi wa Kiswahili ana mengi zaidi ya kutazama. Deutsche Ost-Afrika-Linie iliundwa Hamburg mwaka 1890, nayo ilipewa ruzuku ya serikali kwa ajili ya posta. Baada ya Ujerumani kulipoteza koloni lake la Tanganyika, katika miaka ya 1920 zilizinduliwa meli zilizoitwa Usaramo, Ussukuma, Usambara, Ubena, Wangoni, Watussi, Njassa na Tanganjika. Tazama tarehe. Nchi imekwisha kwenda kwa Waingereza, ila majina yake yanaendelea kuelea chini ya bendera ya Hamburg. Ni vigumu kuamini kwamba hilo lilikuwa ajali. Mjerumani aliyenunua tiketi aliuziwa pia kumbukumbu ya kile alichoamini kuwa ni chake.

Tahajia zenyewe ni somo la fonolojia. Katika Kijerumani, s moja kati ya irabu mbili husomwa z. Kwa hiyo Usaramo ni Uzaramo hasa, jinsi Mzaramo mwenyewe atamkavyo. Ili sauti ya s isigeuke, huandikwa mara mbili: ndiyo maana tuna Ussukuma, Watussi na Njassa. Herufi j nayo husomwa y, ikatupa Nyasa na Tanganyika. Asiyejua kanuni hizi ataona makosa; ajuaye ataona kwamba mwandishi wa Kijerumani aliisikiliza lugha kwa sikio zuri. (Usambara pekee haifuati kanuni: kwa kusoma ingekuwa Uzambara.) Tena viambishi vimehifadhiwa kwa uaminifu, U- ya nchi na Wa- ya watu, jambo ambalo Waingereza hawakulijali sana. Sijui mpagazi wa Tanga alisemaje meli ilipoingia, Wangoni imefika au Wangoni wamefika, lakini swali hilo la upatanisho wa sarufi lingemfaa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Namna meli hizo zilivyogawiwa kazi inaonyesha kwamba meli ya abiria haikuwa mbali na dola. Julai 1936 Usaramo iliondoka Hamburg na wanajeshi wa kwanza wa Ujerumani waliokwenda kumsaidia Franco nchini Hispania. Waliandikishwa kama kikundi cha watalii, kwa jina la chama cha matembezi. Vita vya Dunia vilipoanza, Watussi na Ussukuma zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe mnamo Desemba 1939 ili zisikamatwe na Waingereza, moja katika maji ya Afrika Kusini na nyingine karibu na Argentina.

Waingereza walikuwa na mtindo wao. British India ilikuwa na Kampala katika njia ya Bombay na Afrika Mashariki, jina la mji mwingine usio na bahari, na kuanzia mwaka 1951 na 1952 ilitumia Kenya na Uganda kati ya London na pwani yetu. Union-Castle, iliyokuwa na huduma ya kuizunguka Afrika nzima, ilichanganya jina la koloni na neno lake la kudumu, ikapata Kenya Castle na Rhodesia Castle. Castle ilifanya kazi ileile ya -ville.

Kilichozivunja njia hizi zote ni mambo mawili yaliyokuja karibu kwa wakati mmoja: ndege na uhuru. Mwaka 1925 Edmond Thieffry alitumia siku 51 kuruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, na aliyekuwa na akili timamu alipanda meli. Kufikia mwaka 1960 hesabu ilikuwa imegeuka kabisa. Ofisa hakuwa tena na wiki mbili za kupoteza baharini, na punde hapakuwa tena na ofisa. Compagnie Maritime Belge ilikuwa imetoka kuzindua meli mbili mpya na za fahari, Jadotville ya mwaka 1956, yenye jina la Likasi wakati huo, na Baudouinville ya mwaka 1957, yenye jina la Moba, ingawa bila shaka Wabelgiji wengi walimfikiria mfalme wao. Mwaka 1961 zote mbili ziliuzwa kwa P&O. Likasi ikawa Chitral na Moba ikawa Cathay, zikapelekwa Mashariki ya Mbali. Kubadilisha jina kulichukua muda wa kupiga rangi tu. Kenya Castle nayo ilinunuliwa na Chandris, kampuni ya Wagiriki, mwaka 1967, ikaitwa Amerikanis na kutumika kwa miaka mingi katika biashara ya kitalii upande wa Karibiani. Uganda iligeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi, na mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands.

Hapa ndipo meli ya ratiba ilipozaa meli ya kitalii. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba hakifungwi tena na njia moja. Kiangazi kikiisha Ulaya, meli huhamishwa kufuata jua: Karibiani, Ghuba ya Uajemi, Durban. Hatari ikizuka huondolewa. Baada ya maharamia kuishambulia Seabourn Spirit nje ya Somalia Novemba 2005, na MSC Melody karibu na Shelisheli Aprili 2009, makampuni mengi yaliiepuka bahari yetu, na Mombasa na Zanzibar hazikuwa na la kufanya. Kiwanda hakiwezi kuhama kwa wiki moja, lakini meli inaweza.

Utaifa nao umekuwa suala la soko. Carnival, iliyoanzishwa na Ted Arison mwaka 1972 na yenye makao makuu Miami, ilinunua makampuni ya nchi mbalimbali bila kuyafuta majina yake: Holland America mwaka 1989, Cunard mwaka 1998, Costa ya Italia kikamilifu mwaka 2000, kisha mwaka 2003 tawi la kitalii la ileile P&O iliyokuwa imenunua Jadotville. Pamoja nalo ilikuja AIDA, ambayo huuzwa kwa Wajerumani, na lugha ya melini ni Kijerumani. Abiria huamini yumo katika meli ya kwao. Mwenye mali ni Mmarekani, usimamizi hupitia kampuni ya Kiitalia, na nyuma ya meli aghalabu imeandikwa Genova. Msafiri anunuacho ni lugha yake mwenyewe, pamoja na chakula aliozoea na mzaha anaouelewa.

Hakuna kampuni iliyofikiria kuifanya Kiswahili lugha ya meli kwa namna hiyo, ijapokuwa wasemaji wake ni mamilioni mengi. Kiswahili kimetumika kwenye omo tu, kama pambo. Miji ya Katanga ilipata hata kidogo kuliko hicho, kwa kuwa majina iliyoyakopesha si yake: yalikuwa ya malkia, ya mkuu wa kampuni, ya mwanamfalme. Hata waraka wa André Yav wa mwaka 1965, uliotungwa kwa Kiswahili cha watu wa hapa, unauita mji huu Elisabethville katika kichwa chake. Mwaka uliofuata jina likabadilishwa kuwa Lubumbashi. Meli ya tatu haikubadilishwa. Kwa takriban miaka miwili iliendelea na jina la mji usiokuwapo tena katika ramani, hadi ilipoungua bandarini Antwerp mwaka 1968 na kuvunjwa kwa chuma chakavu.

Ya mwisho kati ya ndugu zake ilikuwa Charlesville ya mwaka 1951, yenye jina la mji wa Kasai uitwao leo Djokupunda. Mwaka 1967 ilikwenda Ujerumani Mashariki, ikaitwa Georg Büchner na kuwa chuo cha mabaharia huko Rostock, kisha hosteli. Ilizama mwishoni mwa Mei 2013 nje ya pwani ya Poland, ikivutwa kwenda Lithuania, bila abiria.